Nilivyorudi Kazini Uingereza kwa Njia ya Kisumu

Serikali ya Uingereza ilipoiingiza Tanzania katika orodha yake nyekundu, yaani ya nchi ambazo wasafiri wake waliwekewa vizuizi kwa sababu ya korona, alfajiri ya tarehe 22 Januari 2021, nilikuwa msibani kwetu Igoma, Mwanza, ambako tulikuwa tumemzika baba. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee katika makao mamoja mjini Leicester. England ilikuwa imefungwa tangu mwanzo wa mwezi ule, lakini mazishi ya mzazi yalikuwa miongoni mwa sababu chache zilizomruhusu mtu kusafiri, na mwajiri wangu hakunibana. Kutoka hakukuwa na tatizo. Kurudi ndiko kulikonisumbua.

Amri ile haikumfungia mlango mwenye kibali cha ukaazi kama mimi, bali ilimwekea masharti ambayo yalizidi kukazwa kadiri siku zilivyopita. Hadi tarehe 14 Februari, aliyetoka Tanzania aliweza kujitenga nyumbani kwake kwa siku kumi. Kuanzia tarehe 15 alilazimika kukaa siku hizo katika hoteli iliyopangwa na Serikali, mlangoni pakiwa na walinzi, kwa gharama ya pauni 1,750 iliyojumuisha chumba, chakula, usafiri wa kutoka uwanja wa ndege na vipimo viwili. Kwa fedha zetu hizo ni zaidi ya shilingi milioni tano, na mshahara wa mhudumu wa wazee haulipwi kwa siku ambazo hayupo kazini.

Arobaini ya baba ilikuwa iangukie baada ya tarehe hiyo. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa akisimamia mambo yote ya msiba, aliniambia bila kuzungukazunguka: "Wewe ndiye mkubwa, mwanangu. Ukiondoka sasa, watu watauliza arobaini ya kaka yangu ilifanywa na nani." Nikabaki, na sikuwa na haja ya kushawishiwa sana.

Wiki zile Mwanza ilikuwa mahali pa kushangaza kwa mtu aliyetoka katika mji uliofungwa. Vivuko vya Kamanga vilijaza abiria kama kawaida, soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba lilichangamka tangu alfajiri, na barakoa ilikuwa ikivaliwa na wachache, tena kwa aibu kidogo. Wakati huohuo misiba iliongezeka, na watu walizungumza kwa sauti ya chini kuhusu changamoto ya upumuaji. Tarehe 26 Januari Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa waraka wa kuwatahadharisha waumini juu ya wimbi jipya la ugonjwa. Kesho yake Rais Magufuli, akiwa Chato, upande wa pili wa ziwa letu, alizitilia shaka chanjo na kuwataka wananchi wamtegemee Mungu na kujifukiza. Mama alipiga nyungu kila jioni na kunihimiza nami nijifunike blanketi, nikamtii. Hata hivyo, maofisa wa uwanja wa ndege wa Heathrow, London, hawakuuliza kama mtu amejifukiza.

Nilipoisoma ile orodha kwa makini ndipo nilipoona jambo ambalo mwanzoni lilinipita. Nchi zinazogawana Ziwa Victoria ni tatu, na mwezi ule wa Februari ni Tanzania peke yake iliyokuwa nyekundu. Kenya na Uganda hazikuwamo. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia aina mpya ya kirusi iliyogunduliwa Afrika Kusini. Lakini sangara wa Mwanza na dagaa wa Musoma wanauzwa Kisumu, na mabasi yanapita mpakani Sirari; sijui kirusi kingeshukia wapi. Sharia yenyewe ilikuwa wazi: ilihesabu mahali ulipokuwa katika siku kumi za mwisho kabla ya kufika. Aliyezimaliza siku hizo Kenya hakulazimika kwenda hotelini, bali angejitenga nyumbani kwake na kununua vipimo viwili kwa pauni 210.

Nikapiga hesabu. Njia ya Kisumu ingeniongezea siku kumi za kukosa mshahara, halafu siku kumi nyingine chumbani kwangu Leicester, lakini hata nikiyajumlisha hayo yote ingebaki nafuu, na fedha za hoteli sikuwa nazo kwa sababu zilikwisha kwenye msiba. Lililonitia wasiwasi ni subira ya mwajiri, kwa kuwa makao ya wazee yalikuwa na upungufu mkubwa wa watumishi na wenzangu walikuwa wakifanya zamu mbili kwa siku. Niliandika barua pepe ndefu ya kuomba likizo isiyo na malipo. Jibu lilikuwa la mstari mmoja: nirudi pindi niwezapo, ila nafasi yangu haiwezi kushikiliwa baada ya Machi.

Arobaini ilipokwisha nilipima, nikapata cheti, nikapanda basi. Magu, Lamadi, Bunda, Tarime, kisha foleni ya Sirari ambako cheti kilikaguliwa na joto la mwili likapimwa, halafu Migori na kuendelea hadi Kisumu kwa shangazi yangu aliyeolewa huko. Kule barakoa ilikuwa ya lazima, dukani unanawa kwanza, na saa nne usiku amri ya kutotoka nje ilianza. Nilishangaa jinsi safari ya siku moja kando ya ziwa lilelile ilivyoweza kumtoa mtu katika nchi isiyoutaja ugonjwa na kumwingiza katika nchi iliyousoma kila jioni kwa tarakimu redioni.

Nadhani hapo ndipo tofauti ilipokuwa. Tanzania ilikuwa haijatangaza takwimu za wagonjwa tangu Mei 2020. Uingereza ilipotupaka rangi, balozi wetu angewaonyesha nini? Nchi isiyo na takwimu haina cha kubishania, hata kama hali yake si mbaya kuliko ya jirani, na gharama ya ukimya ule haikulipwa na walioamua kunyamaza. Iliwaangukia wauguzi, wanafunzi na wapishi waliokuwa wakihesabu pauni. Siwatetei Waingereza pia, kwa maana sharia yao ilijali mhuri wa pasipoti kuliko pua ya mtu.

Nairobi nilipimwa tena, kwa kuwa sampuli ilipaswa kuchukuliwa ndani ya siku tatu kabla ya safari. Heathrow ofisa aliifungua pasipoti yangu, akauona mhuri wa kutoka Tanzania, akahesabu kwa vidole hadi tarehe ya siku ile, akamwita mwenzake naye akahesabu. Kisha akanirudishia.

Tarehe 9 Aprili Kenya nayo iliingizwa katika orodha, na njia ya Kisumu ikafungwa. Mwenzangu mmoja kutoka Bukoba, aliyekuwa akisubiri kuifuata, alilipa hoteli kwa mkopo. Tanzania iliondolewa tarehe 11 Oktoba, miezi zaidi ya miwili baada ya Rais Samia kuzindua chanjo. Desemba nilipoomba ruhusa ya kwenda kwenye kumbukumbu ya mwaka mmoja wa baba, msimamizi wangu aliifungua kwanza ile orodha kwenye kompyuta yake, akaipitia hadi mwisho, ndipo akatia saini.