Katuni inayouliza na kusubiri jibu

Jioni moja, nilipokuwa jikoni nikikuna nazi, nilimsikia mwanangu wa miaka minne akipiga kelele sebuleni: "Nyuma yako! Yuko nyuma yako!" Nilitoka nikidhani mdogo wake ameanguka, nikamkuta amesimama mbele ya runinga, kidole kimegusa kioo, akimwonyesha Dora, msichana msafiri wa katuni, mahali alipojificha yule mbweha mwizi anayeitwa Swiper. Dora alikuwa ametulia kimya huku macho yake makubwa yakimtazama mwanangu, kana kwamba kweli alikuwa akisubiri kuelekezwa. Jambo la kwanza lililonijia lilikuwa kumwambia mtoto apunguze kelele, kwa kuwa katuni haisikii. Nashukuru kwamba sikusema, maana tangu siku hiyo nimekuwa nikikitafakari kile kimya cha Dora kuliko jambo lingine lolote katika vipindi vya watoto.

Kimya kile hupangwa tangu hadithi inapoandikwa. Dora the Explorer ilianza kuonyeshwa Marekani mwezi Agosti mwaka 2000 katika kituo cha Nickelodeon, lakini mbinu hiyo ilikuwa imekwisha kujaribiwa katika kituo hicho hicho tangu mwaka 1996, katika kipindi cha Blue's Clues, ambamo kijana mmoja alikuwa akiitazama kamera, akiuliza swali, kisha akinyamaza kwa muda ambao mtu mzima huuona mrefu hadi akakosa raha. Miongoni mwa washauri wa kipindi hicho alikuwamo Daniel Anderson, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amechunguza namna watoto wadogo wanavyotazama televisheni. Wengi waliamini, na wengine wanaamini hadi leo, kwamba mtoto mdogo hunaswa tu na rangi, kelele na picha zinazobadilika haraka. Uchunguzi wake ulionyesha kwamba mtoto hukaza macho pale anapoelewa, na mambo yanapompita kimo huangalia pembeni na kurudi kwenye vitu vyake vya kuchezea.

Ndiyo maana Blue's Clues ilionyesha sehemu ileile kwa siku tano mfululizo, Jumatatu hadi Ijumaa. Mzazi anayelazimika kusikiliza wimbo uleule mara tano kwa wiki anastahili pole zangu, lakini ukimtazama mtoto utaona faida yake. Mara ya kwanza hukodoa macho tu. Kadiri anavyorudia ndivyo anavyoanza kujibu, na mwishowe hulijibu swali kabla halijaisha kuulizwa, akiwa na furaha ya mtu anayejua siri.

Katika Dora, kazi hiyo ya kurudia imefichwa ndani ya safari yenyewe. Ramani inayozungumza hutaja mahali patatu pa kupitia, kwa mpangilio, na mtoto hutakiwa kupataja tena na tena kila msafara unapovuka hatua moja. Kuhesabu, kutambua maumbo na kukumbuka kilichotangulia vyote huja kwa sababu bila hivyo Dora na tumbili wake Boots hawavuki. Hapa ndipo ninapoipima katuni yoyote ya elimu. Nikiona hadithi inasimamishwa ili mwalimu aingie na kusomesha herufi, halafu hadithi inaendelea kana kwamba herufi hizo hazikuwahi kutajwa, najua mtoto atakumbuka hadithi na kuzisahau herufi, na sitamlaumu.

Mwaka 2005 watafiti Deborah Linebarger na Dale Walker walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto wadogo hadi walipofikisha umri wa miezi 30. Watoto waliotazama vipindi kama Dora na Blue's Clues walikuwa na msamiati mpana zaidi, ilhali waliotazama Teletubbies, kipindi kingine cha watoto wadogo, walikuwa na msamiati finyu zaidi. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kipindi ndicho kilichosababisha tofauti, maana huenda wazazi wanaochagua kipindi fulani pia huzungumza zaidi na watoto wao. Hata hivyo, unatukumbusha kwamba kuuliza watoto watazame televisheni au wasitazame ni kuuliza nusu ya swali.

Sisi tuliolelewa na hadithi za jioni hatuna sababu ya kuushangaa ugunduzi huo wa kuuliza na kusubiri jibu. Bibi hakuanza hadithi kabla hajasema "Paukwa!" na kuitikiwa "Pakawa!" Aliyesema "Kitendawili!" hakuendelea mpaka asikie "Tega!" Kisha alitega, akanyamaza, na kimya kile kilikuwa cha kweli, kwa kuwa aliyetega alikuwa na masikio. Walioshindwa walilipa: mtegaji alidai mji, akapewa mji, akausifu jinsi alivyoufaidi, ndipo akafumbua. Dora hana haki ya kudai mji. Sebule ikijibu au ikikaa kimya, awe ametajiwa daraja au mamba, yeye husifia vilevile na kuendelea na safari. Wakati mmoja nilimkuta akimpongeza kwa dhati mto wa kochi, mwanangu akiwa nje anacheza mpira.

Nilipoendelea kumchunguza mwanangu niligundua jambo lingine. Tulikuwa tunamtazama Dora anayezungumza Kiingereza. Swiper alipojificha nyuma ya kichaka, mtoto alijibu kwa Kiswahili bila shida, maana jibu lilionekana kwa macho. Lakini swali lilipotegemea maneno, kwa mfano kukumbuka ni wapi kwanza na wapi baadaye, kimya cha Dora kilikuta kimya cha mwanangu, naye aligeuka kunitazama mimi. Hakukosa akili ya kujibu, alikosa swali lenyewe. Najua wazazi wengi mjini huwawekea watoto katuni za Kiingereza kwa makusudi, wakitumaini kwamba lugha itaingia yenyewe kabla ya usaili wa shule, na mimi nilikuwa mmoja wao. Maneno machache huingia kweli, hasa ya rangi na namba, lakini ile kazi ya kufikiri, ambayo ndiyo iliyofanya kimya kiwekwe, hupotea.

Kwa sababu hiyo nilihamia kwa Akili and Me, katuni inayotengenezwa Dar es Salaam na Ubongo, shirika lililoanzishwa mwaka 2013. Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro, na akilala husafiri hadi Lala Land, ambako yeye na rafiki zake wanyama hujifunza herufi, namba, kuchora na mambo ya hisia. Jina la nchi hiyo lina Kiingereza ndani yake, lakini mtoto wa Kiswahili ndiye anayeuona mlango wake mara moja, kwa kuwa ameambiwa "lala" kila usiku wa maisha yake. Mwanangu hakuhitaji kuelezwa Akili amefikaje huko.

Kipindi hicho nacho kimepimwa. Mtafiti Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland alifanya utafiti Morogoro, uliochapishwa mwaka 2018, ambamo baadhi ya watoto walitazama Akili and Me kwa wiki nne na wengine wakatazama kipindi kingine. Waliomtazama Akili walifanya vizuri zaidi katika mambo kama kuchora, kutambua maumbo na namba, na kuhesabu. Katika nyumba nyingi ambazo watoto wake hawajapata nafasi katika darasa la awali, hilo si jambo dogo.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba watu wa Ubongo waliliona tatizo la katuni isiyosikia. Ubongo Kids, kipindi chao cha watoto wakubwa zaidi kilichoanza mwaka 2014, kiliwawezesha watoto kutuma majibu kwa ujumbe mfupi kutoka simu yoyote ya kawaida na kupata mrejesho kutoka kwa wahusika wenyewe. Kwa mtoto wa miaka minne asiyejua kusoma, ujumbe mfupi hausaidii kitu. Kwake yeye masikio ya kipindi ni mtu aliyeketi kando yake.

Kwa hiyo siku hizi naketi, si kila siku, maana wali haujipiki wenyewe, lakini mara nyingi kuliko zamani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya kioo zaidi ya saa moja kwa siku, na nimeona kwamba saa moja ya kuketi pamoja hunichosha mimi kabla haijamchosha yeye. Kimya kinapofika simsaidii. Akijibu kombo, ingawa runinga inampongeza, namuuliza amejuaje, na mara nyingine maelezo yake ni mazuri kuliko jibu sahihi.

Wiki iliyopita mama yangu alipiga simu kutoka Pangani, akataka kuzungumza na mjukuu. "Kitendawili!" alisema. "Tega, Bibi!" "Kuku wangu katagia mibani." Mtoto alinyamaza, akanitazama, nami nikaangalia dari. Alijaribu bata, akajaribu kunguru, akajaribu nyoka. "Nipe mji," alisema Bibi. Nilimnong'oneza ampe Tanga, akakataa katakata, kwa sababu Tanga ndiko anakokaa binamu yake na hataki kumgawa. Alifikiri kwa muda mrefu, Bibi akisubiri upande wa pili huku salio likiisha, kisha akasema, "Chukua Lala Land."

"Nilikwenda Lala Land," alianza Bibi, ambaye hajawahi kumwona Akili hata siku moja, "nikakuta watu wote wamelala, nikala mananasi yao peke yangu."