Ziara ya bendi ya rock kwenye theluji, hivi ndo nilivyoimudu

Kazi yangu kwenye bendi ni vyombo. Magitaa, amplifaya, drams, nyaya, mabetri, chochote kinachopanda stejini kinapita kwanza mikononi mwangu na shoo ikiisha kinarudi mikononi mwangu. Sasa ziara yetu ikaangukia katikati kabisa ya msimu wa baridi, Ujerumani kupanda mpaka Sweden, vani moja na trela nyuma, karibu kila usiku mji mwingine. Watu wakiniuliza kuhusu hiyo safari wanataka kujua baridi ilikuwaje, na jibu langu ni kwamba baridi yenyewe ukiizoea na kuvaa vizuri mnaenda sawa tu, kinachotesa ni kuhama. Unatoka nje digrii kumi chini ya sifuri, unaingia ukumbini kwenye joto na watu mia kadhaa wanapumua humo ndani, afu saa sita usiku unatoka tena nje. Karibu kila kitu kilichotishia kutuharibikia kilitishia pale mlangoni, kwaiyo ziara nzima mi niliipanga kwa kuuangalia huo mlango.

Nianze na magitaa maana ndo roho yangu ilikuwa huko. Gitaa lililokaa kwenye trela usiku kucha limepoa mpaka ndani ya mbao, ukilifungua tu ukumbini ule unyevu wa hewa ya moto unakimbilia kwenye kitu cha baridi na kugeuka maji, utaona vanishi imeloa yote, nyuzi zimeloa, pikapu, zile sumaku za kunasia sauti ya nyuzi, zimeloa. Hayo ni maji tu yanafutika. Kibaya zaidi ni vanishi, hasa kwenye magitaa ya zamani yaliyopakwa ile vanishi ya naitroselulosi, maana vanishi na mbao havitanuki kwa kasi moja, ukiifungulia joto la ghafla inapasuka mistari midogo midogo mwili mzima na hiyo hairudi tena. Kwaiyo sheria yangu ilikuwa moja: keisi za magitaa ndo zinaingia za kwanza kabisa ukumbini, zinawekwa mbali na hita, na HAZIFUNGULIWI. Masaa matatu mazuri, manne mazuri zaidi. Keisi nene yenye sponji ndani ni rafiki hapo, inaachia joto lipenye polepole. Muda ukibana nafungua vile vifungo vya keisi tu bila kuinua kifuniko, napitisha mkono ndani baada ya muda, nikigusa chuma cha briji, pale nyuzi zinaposhikiwa kwenye mwili, nikakiona bado baridi nafunga tena.

Amplifaya za valvu, zile zenye mirija ya kioo ndani, ndo usicheze nazo kabisa. Mle ndani kuna volti mia kadhaa, na zikiingia ukumbini zimepoa zinatoa umande kwenye chuma na kwenye waya vilevile kama gitaa, ukiwasha zikiwa na maji unaweza kuunguza fyuzi au transfoma au ukajiumiza mwenyewe. Mi nilikuwa nazigeuza mgongo wazi utazame ukumbi, naziacha, nashika chasisi, lile fremu la chuma, kwa kiganja, na mpaka iwe na joto sawa na la ukuta ndo nachomeka umeme.

Sasa hapo ndo ugomvi unapoanzia maana kumbi nyingi zinakupa saundi cheki, yaani kupima sauti kabla ya shoo, saa fulani na fundi wa ukumbi amesimama anaangalia saa. Kuna sehemu jamaa alinijia juu kweli, anasema bendi zote zinafika zinachomeka zinapiga, nyinyi mmekuja kulaza vyombo? Nikamwambia kaka tuanze na drams na maiki za sauti, afu besi, magitaa utayapata mwisho na hutachelewa hata dakika. Na ikawa hivyo, mpaka anamaliza kuweka sawa ngoma ya chini na sauti za waimbaji magitaa yakawa tayari. Toka siku hiyo nikaomba meneja awaandikie kumbi zote zilizobaki mapema kwamba saundi cheki yetu inaenda kwa mpangilio huo, na tuombe kuingiza mizigo saa moja kabla ya kawaida. Karibu kumbi zote zilikubali, watu wanaofanya kazi sehemu za theluji wanaelewa haraka ukiwaeleza sababu.

Afu kutyuni, yaani kuweka nyuzi kwenye sauti yake sahihi. Nyuzi za chuma zikipoa zinajikaza na sauti inapanda, zikipata joto zinalegea na sauti inashuka, na mbao nayo ina mambo yake, inafuata taratibu. Maana yake ukityuni gitaa saa kumi jioni ukumbi ukiwa mtupu halafu watu wakaingia na taa za steji zikawaka, utakuta limeshuka kabla wimbo wa kwanza haujafika kiitikio. Mi nilikuwa natyuni mara ya mwisho watu wakishajaa, nikiwa nimesimama pembeni ya steji pale pale kwenye joto la taa, wala sio chumba cha nyuma ambako kuna ubaridi. Na gitaa la akiba linakaa hapo hapo stejini, wala sio koridoni.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni ukavu. Unaona theluji kila mahali unadhani hewa ina maji, kumbe hewa ya baridi haibebi maji mengi. Hewa ya digrii sifuri hata ikijaa kabisa ina kama gramu 5 za maji kwa kila mita moja ya ujazo, hewa ya digrii 20 ina uwezo wa kubeba gramu kama 17. Kwaiyo ukichukua hewa ya nje ukaipasha kwa hita bila kuiongezea maji, unyevu wake unaporomoka mpaka chini ya asilimia 30. Magitaa ya akustika, yale yasiyotumia umeme, yanataka asilimia 45 mpaka 55 hivi. Yakikauka mbao inasinyaa, ncha za freti, vile vyuma vyembamba vya kwenye shingo, zinachomoza pembeni ya shingo unazisikia zinakukwaruza kidole, na ukiendelea kupuuza ubao wa juu unaweza kupasuka. Dawa yangu ni ya bei ya chini kabisa: kiboksi cha plastiki cha sabuni kilichotobolewa matundu, ndani sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa mpaka haidondoshi, unakiweka kwenye keisi karibu na kichwa cha gitaa, na kipima unyevu kidogo ndani ya keisi hiyo hiyo. Kila asubuhi kabla ya chai nilikuwa naangalia vile vipima, nalowesha sponji zilizokauka. Gitaa letu la akustika lilimaliza ziara shingo haijasogea.

Na ule ukavu hauchagui, koo la mwimbaji nalo linakauka kama mbao. Mwimbaji wetu ni dada mmoja mwenye sauti nzito sana, anaimba kwa nguvu, na wiki ya kwanza tulipoona anaamka sauti imekwaruza tukakaa wote tukapanga. Hita ya vani ikapunguzwa, hata kama wengine tunavaa makoti ndani. Kila alipolala palikuwa na taulo lililolowa maji limetandazwa karibu na hita. Maji anakunywa kidogo kidogo mchana kutwa, maana maji hayagusi ile mikunjo ya kooni inayotoa sauti moja kwa moja, yanapita mwilini kwanza, kwaiyo kumeza chupa nzima dakika kumi kabla ya shoo hakusaidii. Mvuke ndo unaofika kwenyewe, akawa anavuta mvuke wa maji ya moto asubuhi na jioni. Na baada ya shoo, skafu mdomoni na kimya mpaka kwenye vani. Mashabiki wanamsubiri nje kwenye theluji wanataka kuongea naye, anawapenda kweli, lakini akawa anaongea nao ndani ukumbini kwenye meza ya kuuzia fulana, nje anapunga mkono tu.

Jasho ndo adui mkubwa wa wanamuziki wenyewe. Mpiga drams anatoka stejini fulana unaweza kuikamua, na tabia ya kila mtu ni kukimbilia nje kupata hewa. Nje ni chini ya sifuri! Nikaweka begi moja karibu na ngazi za kushukia stejini, ndani yake kila mtu ana taulo, fulana kavu na soksi kavu, hupiti mlango wa nyuma kabla hujabadilisha. Mwanzoni walinuna, baada ya siku chache wakawa wanalidai wenyewe lile begi. Na nguo ya ndani iwe ya sufu au ya kitambaa cha michezo, pamba inashika jasho na ikishaloa inakunyonya joto lote. Kwa sisi tunaobeba mizigo ni hivyo hivyo, unabeba spika unatoka jasho afu unasimama nje kusubiri dereva arudi nyuma, hapo ndo unaumwa.

Vidogo vidogo vingine nitavipitia haraka. Betri za maiki na za pedali za gitaa, vile viboksi vya kubadilisha sauti, zinakaa mfuko wa ndani wa koti, baridi inazipunguzia nguvu, utazipima asubuhi utadhani zimekufa. Tepu ya kubandikia nyaya nayo inakaa kwenye koti, ikiwa baridi haishiki. Nyaya usizikunje kwa nguvu zikiwa zimekakamaa, ziache zilegee ndani kwanza, ganda la plastiki linapasuka. Glavu beba pea mbili, nyembamba ya kushikia plagi na nene ya kubebea, ukivua glavu ushike chuma cha trela kwa mkono mtupu utanikumbuka.

Sasa barabara. Hapa sikuwa dereva lakini nilikuwa nakaa kiti cha mbele naye usiku, na nilijifunza mengi kwa yule mzee. Sweden kuanzia Desemba 1 mpaka Machi 31 barabara ikiwa na hali ya baridi lazima uwe na matairi ya msimu huo, Ujerumani wao hawaendi kwa tarehe wanaenda kwa hali ya barabara, na wanataka tairi lenye alama ya mlima na theluji ndani yake. Madaraja yanaganda kabla ya barabara kwa sababu hewa ya baridi inapita juu na chini, kwaiyo barabara inaweza kuwa imelowa tu na daraja likawa kioo, mzee alikuwa anaachia pedali ya mafuta kabla ya kila daraja na hagusi breki akiwa juu yake. Dizeli ya kawaida kwenye baridi kali inaanza kuganda kama nta na kuziba filta, kwaiyo anajaza njiani huko huko kwenye baridi maana vituo vya huko vinauza dizeli ya msimu. Na mkikwama mmezungukwa na theluji, kabla hamjawasha injini kupata joto mtu ashuke achimbue ekzosi, ikizibwa na theluji ile gesi ya kaboni monoksaidi inarudi ndani, haina harufu, mnalala hamuamki.

Jambo nililolisimamia kwa nguvu zaidi ya yote ni kutosafiri usiku baada ya shoo theluji ikiwa inaanguka. Meneja alikuwa na hesabu zake, hoteli ni hela, na namuelewa. Lakini mi historia ya muziki huu naijua. Januari 1959 mwanamuziki wa rock Buddy Holly na wenzake walianza ziara ya baridi kule Marekani, miji imepangwa ovyo, leo huku kesho kule unarudi ulikotoka, mabasi mabovu hita zinakufa njiani, mpiga drams wao Carl Bunch akalazwa hospitali miguu imeungua na baridi. Baada ya shoo ya Clear Lake, Iowa, Holly akakodi ndege ndogo kulikimbia lile basi, ikaanguka usiku ule wa kuamkia Februari 3, akafa yeye, waimbaji wenzake Ritchie Valens wa miaka 17 na J.P. Richardson, na rubani Roger Peterson. Holly mwenyewe alikuwa na miaka 22. Watu wanakumbuka ndege, mi huwa nafikiria ile hita na ile ramani. Nilimwambia meneja hivyo hivyo, bosi, tupange miji ifuatane, na usiku wa theluji tulale tuondoke asubuhi kukiwa na mwanga. Akakaa na ramani jioni nzima, akabadilisha tarehe mbili, na mahali tulipolazimika kulala wenyeji wa ukumbi mara kadhaa walitutafutia pa kujibanza wenyewe.

Giza nalo lisikupite. Kule juu Desemba jua linazama alasiri tu, na sisi tunaamka mchana, unaweza kukaa wiki hujaona jua na mnaanza kujibizana kwenye vani kwa vitu vya kijinga. Tukawa tunasimama mchana popote palipo na mwanga, dakika ishirini, kila mtu anatembea kivyake bila simu. Mpiga besi aliyekuwa haongei na mtu ndo alirudi kuongea kwenye hizo dakika ishirini.

Na usiku, shoo ikiisha, kazi inarudi kwangu. Kila gitaa nalifuta jasho lote, nyuzi, shingo, nyuma ya mwili, kwa kitambaa kikavu, maana ukifungia unyevu ndani ya keisi ukaipeleka kwenye trela unaganda huko na kutu inaanza. Amplifaya zinapoa kwanza ndani ukumbini wakati drams zinafunguliwa. Magitaa yanatoka ya mwisho, na tukilala hotelini hayakai kwenye trela, yanapanda na sisi vyumbani, kila mtu na lake.