Kijiko chenye kilima

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nilikuwa nauza mbegu za mboga kwenye soko kuu la Kariakoo, lile lililochorwa na msanifu wetu Beda Amuli, lenye paa la zege mfano wa miavuli iliyogeuzwa. Mchicha, bamia, figiri, nyanya chungu. Wateja wangu walitoka Kigamboni, Chanika, Mkuranga, na wengine ni vijana wanaolima kando ya Mto Msimbazi. Wengi hawakununua kopo zima. Mtu anataka kijiko kimoja cha mchicha, cha tuta moja au mawili, kwa kuwa mchicha baada ya wiki tatu hivi unachumwa na hela inarudi mkononi. Waliniita Mama Mbegu.

Usiku wa Jumamosi, 10 Julai 2021, soko likaungua.

Nilikuwa nyumbani Tabata, napiga pasi sare ya kwaya. Simu zikaanza kuingia, moja juu ya nyingine. Nilipofika Kariakoo njia zilikuwa zimeshazuiwa, nikasimama na kanga yangu begani katikati ya watu, natazama moshi. Mtaji wangu wote ulikuwa mle ndani. Na sehemu ya mtaji huo ilikuwa mkopo wa kikoba, rejesho Jumatano.

Asubuhi nilikwenda ibadani hivyo hivyo, macho yamevimba. Watu wa usharika wetu wana upendo wa kweli, walinijia mmoja mmoja. "Mungu ana makusudi yake, mama." "Ayubu alirudishiwa mara mbili." "Shukuru hukuwamo ndani." Yote ni kweli, na mwisho wa kitabu cha Ayubu ndivyo unavyosema. Lakini maneno yale yaliingia sikio hili yakatokea sikio lile. Na nikiwa nimekaa pale kwenye benchi kuna jambo lilinichoma kuliko hata moto wa jana yake: maneno yale niliyajua. Yalikuwa ya kwangu.

Mwaka 2019 mwenzetu mmoja wa kwaya, tuliyekuwa tukiimba naye sauti ya pili, alijifungua mtoto wa miezi saba. Mtoto akaishi siku mbili. Nilikwenda kumpa pole na kitenge kwenye mfuko wa plastiki. Sikukaa hata kwenye mkeka. Nikamwambia, nimesimama mlangoni: "Mungu amempenda zaidi. Wewe bado kijana, utapata mwingine." Aliinamisha kichwa akasema asante. Nikaondoka nikijiona nimemfariji. Baada ya hapo akaacha kuja mazoezini Alhamisi, kisha akaacha kabisa, na sisi tukasema amepoa kiroho. Mimi pia nilisema. Nalikumbuka neno hilo likitoka kinywani mwangu.

Jumatatu nilirudi Kariakoo, hata sijui nilifuata nini. Kwenye kona ya Mtaa wa Tandamti alikuwapo mzee wa machungwa, kama siku zote, amevaa kofia yake ya viua, machungwa ya Muheza amepanga juu ya mkokoteni. Kizimba changu kilikuwa karibu na mlango, na yeye miaka yote alisimama mkabala na mlango huo. Nikamwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Hakusema kitu kingine. Alichukua chungwa, akaanza kumenya. Anamenya kwa kisu chembamba kilicholika, ganda linashuka kama utepe mmoja mrefu bila kukatika, chungwa linabaki na weupe wake wote. Akakata kichwani kidogo, akanipa. Ndipo akasema:

"Mimi nakuona siku zote unavyopima mbegu. Wengine kijiko wanakifuta kwa kidole. Wewe unaacha kilima. Mwanangu, kilima kile hakikuungua. Wanaokijua watakufuata popote utakapokaa."

Nililia pale pale barabarani, nanyonya chungwa na machozi yanadondokea mkononi. Hakuna aliyewahi kuniambia kuhusu kilima. Nilidhani hakuna anayekiona isipokuwa Mungu. Marehemu mama ndiye alinifundisha: mtu anayenunua kijiko kimoja usimfutie, ndiye anayehitaji zaidi.

Neno lile halikulipa rejesho, nisiwadanganye. Lakini Jumatano niliweza kwenda kikoba kwa miguu yangu mwenyewe, nikasimama mbele ya akina mama, nikasema sina, nipeni miezi mitatu. Jumapili nisingeweza. Jumapili nilikuwa nawaza kuzima simu. Na mtu aliyeniinua hasali kanisani kwetu. Anaswali msikitini. Bwana alimtumia yeye, nami namshukuru Mungu bila kificho.

Miezi ilipita, nikapata sehemu ndogo Kisutu, na siku moja mchungaji akasoma Methali 25:11: "Neno linenwalo wakati wa kufaa, ni kama machungwa katika vyano vya fedha." Bibi yangu alikuwa na chano cha mbao, alikuwa akiandalia chakula cha wageni, na wageni wakila wote wanakizunguka. Nikaliona lile chungwa la Tandamti. Ila kilichoniganda moyoni zaidi ni andiko jingine katika kitabu hicho hicho, sura ya 12, mstari wa 25: "Uzito katika moyo wa mtu huuinamisha, bali neno jema huufurahisha." Huuinamisha. Na Isaya naye, 50:4, anasema amepewa ulimi wa hao wafundishwao, apate kujua jinsi ya kumtegemeza kwa maneno yeye aliyechoka.

Nimekulia mgombani, kwa hiyo neno kutegemeza nalijua kwa mikono. Mgomba ukizidiwa na mkungu unainama. Unautafutia mti wenye panda, unauegemeza. Lakini kwanza unauzunguka, unatazama umelalia upande gani. Ukiweka mti upande usio wake unausukuma uanguke. Mti wenyewe unaweza kuwa mzuri, mgumu, umekatwa vizuri. Ndivyo nilivyomfanyia yule dada. Sikumzunguka.

Mtazameni Barnaba, ambaye mitume walimpa jina lenye maana ya Mwana wa faraja. Sauli alipofika Yerusalemu wanafunzi wote walimwogopa. Matendo 9:27 inasema Barnaba akamtwaa, akampeleka kwa mitume, akawaeleza jinsi alivyomwona Bwana njiani na jinsi alivyohubiri kwa ushujaa Dameski. Aliwatajia mambo ambayo mtu huyu ameyafanya. Hakusema tu kwamba Sauli ni mtu mzuri, mpokeeni. Nadhani hapo ndipo wengi wetu tunapungukiwa. Tunasema "ubarikiwe" na "Mungu ni mwema" kwa kila mtu, na ni maneno matakatifu, lakini aliyeinama anataka kujua kama kuna aliyemwona yeye.

Nilikwenda kwa yule dada mwishoni mwa mwaka 2021. Alikuwa amehamia Mbagala, nikapanda daladala mpaka Rangi Tatu, moyo unanienda mbio. Nilimkuta uwani anachagua mchele. Safari hii nilikaa. Nikavuta ungo wa pili, tukachagua pamoja, chuya huku, mawe huku, muda mrefu bila kuongea. Rafiki zake Ayubu nao walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na kwa maoni yangu hizo ndizo siku walizomfaa.

Nikamwambia: "Siku ile mlangoni nilikukosea. Nisamehe."

Hakuinua macho kwenye mchele. "Nilikuwa nahesabu, dada. Wewe ulikuwa wa kumi na moja kuniambia nitapata mwingine."

Nikanyamaza. Kisha nikamuuliza kitu ambacho kwa miaka miwili hakuna mtu wa kwaya aliyekiuliza. "Mlikuwa mmempa jina?"

Akasimamisha mikono. Akalitaja. Nililirudia polepole, kama mtu anayejifunza wimbo mpya, akaniambia tena sema, nikasema tena. Akaanza kunisimulia vidole vyake, jinsi kimoja kilivyomshika kucha ya kidole gumba usiku mzima. Jua lilizama tukiwa bado pale na mchele haujaisha. Jina lenyewe siliandiki hapa, ni lake.

Kwaya hajarudi, anaimba kwingine sasa, huko huko Mbagala. Kila mwaka siku ile ya mtoto namtumia ujumbe wa sauti na kulitaja jina, basi, hakuna zaidi.

Wiki iliyopita nilimkumbuka mzee wa machungwa na nikaona aibu: nimewahadithia watu wengi habari zake, yeye mwenyewe sijamwambia. Nikashuka Msimbazi, nikamkuta kwenye kona ile ile. Amezeeka, mikono inamtetemeka kidogo, kisu sasa anashika mjukuu wake, kijana wa miaka kumi na mitano hivi, na maganda yake bado yanakatika. Nikamwamkia, nikamweleza yote, tangu kilima mpaka Jumatano ya kikoba.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgusa kijana begani, akamwambia aweke kisu chini.

"Mwanangu," akaniambia, "hebu anza tena mwanzo, na huyu asikie."

Nikaanza tena.