Shukrani za familia yetu kwa muuguzi aliyemhudumia mama

Ni miezi mingi sasa tangu mama yetu aruhusiwe kutoka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni hapa Kigoma, na hadi leo ndugu tukikutana nyumbani Ujiji, mazungumzo hayafiki mbali kabla ya kumtaja muuguzi mmoja. Mwenyewe aliomba jina lake lisitangazwe, nami naliheshimu ombi hilo. Nitamwita sista, kama tulivyokuwa tukimwita wodini. Nimeona nieleze kwa utulivu yale aliyotufanyia, kwa sababu tukisema tu kwamba alikuwa na huruma, tutakuwa tumesema kidogo mno.

Mama alipatwa na kiharusi alfajiri, wakati anajiandaa kuswali. Mkono wa kulia ulilegea, mdomo ukaenda upande na maneno yakakatika. Jirani yetu mwenye bajaji alituwahisha hospitali, naye pia Mungu amlipe, kwani ubongo uliokosa damu haungoji. Daktari alitueleza kuwa presha ya muda mrefu ndiyo chanzo kikubwa cha maradhi haya, na kwamba kwa watu wengi upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza usemi pamoja na mkono na mguu wa kulia. Kwa hiyo mama alikuwa akituelewa, ila hakuweza kutujibu. Maelezo hayo tuliyasikia sote. Aliyeyafanyia kazi ni sista.

Kila alipofika kitandani alimwamkia kwanza, "Shikamoo mama," kisha akanyamaza kidogo, akimpa nafasi ya kuitikia kwa macho. Hakumgusa kabla ya kumwambia anachotaka kufanya: "Mama, sasa nakugeuza ulalie ubavu wa kushoto, nitaanza na bega." Wageni wengi waliokuja kumjulia hali walimpazia sauti kama kiziwi, na wengine walijadili ugonjwa wake mbele yake kama mtu asiyekuwapo. Sista hakumkemea yeyote. Siku moja kaka yetu mkubwa alipomuuliza kama mama amelala vizuri, alimgeukia mama mwenyewe, akaweka kidole chake kwenye kiganja cha mkono ule mzima, akasema, "Mama, mwanao anauliza kama umelala vizuri. Kama ni ndiyo, nibane." Mama akambana. Kaka yangu si mtu wa machozi, lakini siku hiyo alitoka nje ya wodi akakaa huko muda mrefu. Tangu hapo sote tukawa tunazungumza na mama, si juu ya mama.

Shangazi alikuja kutoka Kalinzi na chupa ya uji, akitaka kumnywesha mgonjwa wake palepale. Sista alimpokea kwa heshima, akamshukuru kwa safari, kisha akamfafanulia kuwa kiharusi huweza kudhoofisha misuli ya kumeza, na chakula kikipita njia ya hewa kinaweza kuleta nimonia. Hakuishia kwenye maneno. Alimketisha mama wima, akamgusisha kijiko cha maji mdomoni, akaweka vidole taratibu kooni kufuatilia jinsi anavyomeza, kisha akasikiliza. Mama akapaliwa, na kila aliyekuwapo akaelewa kwa nini ule mpira wa kulishia uliopita puani ulikuwa bado unahitajika. Shangazi hakuondoka akiwa amevunjika moyo, kwa maana alipewa kazi ya kumpaka mama mafuta miguuni, akaifanya kwa moyo wote. Kumeza kuliporudi, kikombe cha kwanza kilikuwa cha uji wa shangazi, uliopikwa mzito kidogo kama sista alivyoelekeza.

Alitufundisha kumgeuza mama kila baada ya saa mbili, kuweka mto katikati ya magoti, kuinua visigino visigandamizwe na godoro, na kutomvuta kamwe kwa mkono uliopooza, kwa kuwa bega la mkono huo huteguka kwa urahisi. Alitufundisha mmoja mmoja, wanaume kwa wanawake, halafu akasimama pembeni kututazama tukifanya wenyewe. Mama alitoka hospitali bila kidonda hata kimoja cha kulalia. Aliyewahi kuuguza mtu asiyeweza kujigeuza atalielewa jambo hili bila kuelezwa zaidi.

Wapo wazee wetu walioamini kuwa mama ametupiwa kitu, na baba mdogo alilisema hilo waziwazi mbele ya sista. Alimsikiliza hadi mwisho. "Baba, dua endeleeni nazo," alimjibu, "ila dawa ya presha asiikose hata siku moja." Baba mdogo ndiye anayemkumbusha mama dawa zake hivi sasa.

Kilichonigusa kuliko yote nilikigundua siku ambazo sista hakuwa zamu. Wauguzi wengine nao walikuwa wakimwamkia mama na kumjulisha kabla ya kumgusa. Nilipouliza, niliambiwa kuwa katika makabidhiano ya zamu alikuwa akisema, pamoja na vipimo vya presha na kiasi cha mkojo, kwamba mgonjwa huyu anasikia na anaelewa kila kitu. Aliifanya heshima kwa mama yetu kuwa sehemu ya ripoti.

Watu hupenda kusema uuguzi ni wito, na ni kweli, lakini nahofia neno hilo linatufanya tusahau elimu iliyomo. Siku ya Wauguzi Duniani huadhimishwa tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820. Wengi wanamkumbuka kwa taa aliyotembea nayo usiku kati ya majeruhi wa Vita vya Krimea. Wachache wanajua kuwa alikuwa pia mtu wa takwimu, aliyetumia hesabu za vifo vya askari kudai hospitali zilizo safi. Kwa sista wetu pia sikuona mahali ambapo huruma iliishia na ujuzi ukaanza.

Tulikusanya kitu kidogo cha kumpa ahsante. Alikikataa kwa upole, akasema mshahara wake anaupata, na kama tuna la kushukuru tuandike barua. Tuliiandika kwa muuguzi mfawidhi, tukieleza vitendo vyenyewe badala ya sifa za jumla. Mama, ambaye sasa anasema sentensi fupi na kutembea kwa gongo, alikataa tumsainie. Alichukua kalamu kwa mkono wa kushoto akaandika jina lake mwenyewe, herufi baada ya herufi, huku tukisubiri. Tuliomba nakala iwekwe kwenye jalada la utumishi la sista, na tukaahidiwa kuwa itawekwa.

Sista, kama maandishi haya yatakufikia: presha ya mama imetulia, kliniki hakosi, na bega lake la kulia ni salama. Tunakushukuru sote, wa Ujiji na wa Kalinzi, na mama anakusalimia kwa kinywa chake.