Deiwaka wa tarumbeta na gitaa la E

Mpiga tarumbeta asiye na bendi yake hapa Mtwara ni deiwaka: anaitwa jioni, anapiga usiku, analipwa, anaondoka. Kazi yenyewe hufuata korosho. Minada ikianza Oktoba na pesa zikawafikia wakulima, harusi huongezeka. Anayeitwa tena ni yule anayeingia sawa na gitaa bila kufanya mazoezi na bendi. Wepesi wa vidole huja baadaye.

Tarumbeta nyingi ni za B flati (flati ni noti iliyoshushwa nusu toni). Ukipiga C yako, inayosikika ni B flati ya gitaa, kwa hiyo panda toni nzima juu ya ufunguo (noti ya nyumbani ya wimbo) unaotajiwa. Wakisema C, wewe uko D. Wakisema G, wewe A. Shida ni kwamba muziki wa dansi, ule wa NUTA Jazz na Morogoro Jazz (jazz kwa jina, dansi kwa mapigo), unaendeshwa na magitaa, na gitaa hupenda E na A kwa ajili ya nyuzi zake za wazi. E kwako ni F shapu, yenye shapu 6 (noti zilizopandishwa nusu toni). A ni B, yenye 5. Aliyefundwa kwenye bendi ya matarumbeta ya kanisani amezoea flati mbili tatu, na hapo ndipo anapokwama. Skeli hizo mbili (ngazi za noti za F shapu na B) zianze kila siku, polepole, kabla ya nyingine yoyote.

Halafu kuna joto. Hewa ndani ya bomba ikipata moto, sauti ya tarumbeta hupanda; nyuzi za gitaa zikipata moto hulegea na kushuka. Mnaachana huku kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyekosea! Pasha bomba kwa pumzi dakika 5 ndipo ulinganishe sauti, kisha rudia baada ya wimbo wa tatu. Ukivuta bomba la kulinganishia sentimita 1, njia ya hewa inaongezeka sentimita 2, maana bomba hilo lina miguu miwili. Sauti hushuka karibu robo ya nusu toni. Kukiwa na kinanda, wote kifuateni hicho.

Chumvi ya bahari haisamehe. Pistoni zote 3 (zile unazobonyeza kwa vidole) zina namba. Ukizibadilisha nafasi, hewa inaziba. Matone 3 ya mafuta ya pistoni kwa kila moja yanatosha. Mafuta ya nazi hapana kabisa, hugandia. Ukiona madoa ya waridi kwenye bomba la kwanza baada ya kipande cha mdomoni, zinki iliyochanganywa na shaba kwenye bomba imeshaliwa, imebaki shaba tu. Kusugua hakusaidii, bomba hilo hubadilishwa. Ndiyo maana mate humwagwa yote kabla tarumbeta haijarudi kwenye sanduku, hata kama gari linapiga honi.