Kijiti cha pamba ndani ya ufa

Kutoka Dodoma mjini nilikipakata kisanduku cha barafu njia nzima, cha kubebea sampuli za bakteria nilizokuwa naenda kutafuta miambani Kolo. Kondakta alitaka kukiweka kwenye buti, nikakataa. Kwa joto lile, barafu isingefika hata Chemba.

Kondoa nilikunywa chai, nikapata gari la Kolo, nikaonyesha kibali, na tukaanza kupanda mlima na mzee mmoja Mrangi.

"Michoro usiisogelee na vijiti vyako, mwanangu."

"Siisogelei, babu."

Nilimaanisha. Michoro ile myekundu ya kale kwenye miamba ya Kondoa, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, ikiharibika hairudi. Ufaransa walilifunga pango la Lascaux kwa wageni mwaka 1963, baada ya wingi wa watalii na taa kuotesha mwani ukutani. Kwa hiyo nilizunguka upande wa nyuma, mbali na michoro, penye ufa usioingia hata kidole. Ndani mlikuwa na utando mweupe, mkavu, kama unga wa muhogo. Nilipousugua kwa kijiti cha pamba ikapanda harufu ya mvua ya kwanza. Moyo ulinidunda. Harufu ile hutolewa na bakteria wa udongo, hasa wa jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Streptomyces, jamaa za yule bakteria aliyetupatia streptomisini, dawa ya kifua kikuu, mwaka 1943.

"Ni mdudu mpya huyo?"

"Bado, babu. Kwanza aote peke yake kwenye sahani. Tutasoma jeni yake iitwayo 16S. Ikifanana na za wanaojulikana kwa chini ya asilimia 98.7, ndipo tunaanza kuhisi kitu. Kisha tunalinganisha vinasaba vyote. Vikifanana kwa chini ya asilimia 95 hivi, hiyo ni spishi nyingine. Halafu lazima atunzwe akiwa hai kwenye hifadhi mbili za vijidudu, katika nchi mbili tofauti."

Sharti hilo la mwisho nalipenda kuliko yote. Jina kwenye karatasi halitoshi. Kiumbe mwenyewe awepo, na yeyote mwenye shaka akamwangalie.

"Na jina je?"

"Akiwa mpya kweli, ningeomba liishie na koloensis. Yaani wa Kolo."

Alilitamka mara mbili, taratibu. Tulipofika penye mwamba unaoteleza akanipokea kisanduku, akashuka nacho amekikumbatia kifuani kwa mikono miwili.