Nyumba tano, kosa moja

Somo: Ezekieli 18:20, Mathayo 18:15-17

Mwaka 356 kabla ya Kristo, waziri Shang Yang alianza kuipanga upya dola ya Qin, magharibi mwa China. Wanafalsafa anaohesabiwa nao huitwa Fajia. Kwao binadamu havutwi na wema. Hufuata faida na kukimbia maumivu, basi mtawala ashike tuzo kwa mkono mmoja na adhabu kwa mwingine.

Kabla ya kutangaza sheria zake alisimamisha nguzo kwenye lango la kusini la soko, akaahidi vipimo 10 vya dhahabu kwa atakayeipeleka lango la kaskazini. Watu wakatazamana tu. Akapandisha hadi 50. Mmoja akaibeba, akalipwa papo hapo. Ikajulikana kwamba serikali hii ikisema imesema.

Kisha kaya zikafungwa pamoja, tano tano na kumi kumi, zichungane. Jirani akivunja sheria nawe ukanyamaza, ulikatwa kiunoni vipande viwili. Ukimripoti, ulipata tuzo sawa na ya askari aliyeleta kichwa cha adui. Hebu itazame hesabu hiyo: mtu unayemwomba moto wa kupikia ana bei ileile ya adui wa vitani. Na tusijidanganye, mpango ulifanya kazi. Mwanahistoria Sima Qian anaandika kwamba baada ya miaka 10 hakuna aliyeokota kilichodondoka njiani, na milimani hapakuwa na majambazi.

Ufa ulitokea juu. Mrithi wa kiti alivunja sheria, na Shang Yang mwenyewe alisema watu hawaitii kwa kuwa wakubwa wanaivunja. Ila mrithi haguswi. Akaadhibiwa mlezi wake, Gongzi Qian, na mwalimu wake akachorwa alama usoni. Mlezi alipokosa tena baadaye, alikatwa pua. Ezekieli alikuwa amekwisha kusema zamani, huko uhamishoni Babeli: "mwana hatauchukua uovu wa baba yake". Wala mlezi wa mwana wa mfalme.

Mwaka 338 mtawala akafa, mrithi akaketi, na watu wa Gongzi Qian wakamshtaki Shang Yang kwa uasi. Alikimbilia mpakani akaomba chumba katika nyumba ya wageni. Mwenye nyumba, asiyemjua, akamjibu kwamba kwa sheria ya Bwana Shang, anayempokea mtu asiye na hati huhukumiwa pamoja naye. Mwishowe mwili wake ulipasuliwa kwa magari ya farasi, na jamaa yake yote ikauawa.

Yesu naye anatoa utaratibu wa kushughulikia kosa la ndugu, na una ngazi: kwanza wewe na yeye peke yenu, kisha mmoja au wawili zaidi, ndipo kanisa. Anayekwenda hapandishwi daraja. Faida pekee iliyotajwa ni hii, "umempata nduguyo". Sisi huharibu kwa kuanzia ngazi ya tatu: kwa mchungaji, au kwenye kundi la WhatsApp. Sababu inajulikana. Kumkabili mtu peke yako kunaweza kukuletea matusi, kumpeleka juu kunakuletea sifa ya uaminifu.

Kama kuna jina umepanga kulifikisha kwa wazee wiki hii, je, mwenyewe ameshalisikia kosa hilo kinywani mwako?